Mlinzi wa Mtoto Uwanjani



Jioni hii nataka kunena nanyi habari za watoto wetu na michezo yao. Mtu apitaye Temeke au Kinondoni ipatapo saa kumi alasiri huona jambo la kufurahisha macho. Toka Mbagala hata Tandika, toka Mwananyamala hata Tandale na Kawe, kila palipobaki kipande cha mchanga kisichojengwa nyumba pana watoto na mpira. Wengine wamevaa jezi na njumu. Wengine wana miguu mitupu na mpira wa matambara, wakicheza chandimu. Wasichana nao wana mpira wao wa pete, na siku hizi wa miguu pia. Pembeni amesimama mtu mwenye filimbi shingoni, ambaye watoto humwita kocha. Aghalabu mtu huyu halipwi mshahara. Hutoa saa zake, na mara nyingine fedha yake, ili watoto wa jirani wasizurure. Tunamshukuru, na ni haki yake kushukuriwa.

Sikuja, basi, kuulaumu mchezo. Mimi ni mwalimu, na kwa miaka mingi nimeona jinsi mchezo unavyomfunza mtoto mambo ambayo ubao na chaki haviwezi kumfunza: kutii kanuni, kumpa mwenzake nafasi, kushindwa pasipo kununa, na kushinda pasipo majivuno. Tena mchezo huleta tumaini. Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992, akakulia Mbagala. Alianzia katika klabu ya mji huu huu, akaenda Simba, kisha TP Mazembe ya Kongo, kisha Ubelgiji. Na Januari 2020, alipojiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mzazi gani wa Mbagala aliyesikia habari hiyo asimtazame mwanawe kwa jicho jipya?

Lakini tumaini hilo hilo humpa mwenye filimbi nguvu kubwa juu ya nyumba nzima. Yeye ndiye asemaye nani atacheza na nani atakaa nje. Yeye ndiye ajuaye njia ya kwenda mbele. Mtoto humtii kuliko babaye, na mzazi huona haya kumwuliza neno. Swali langu la leo ni hili: mtoto anapokuwa uwanjani, mbali na macho yetu, ni nini hasa kinachomlinda?

Nitawasimulia kisa kimoja, nanyi mniwie radhi, maana kinanihusu mwenyewe. Kabla sijahamia chuo cha ualimu nalifundisha katika shule ya msingi. Nalikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na miwili, mchangamfu, mwepesi wa miguu, naye alikuwa katika klabu moja ya watoto wa mtaani. Ghafula akaacha kwenda mazoezini. Mamaye, aliyekuwa amejinyima ili amnunulie njumu, alikasirika, akaja kwangu kuniomba nimwonye. Nami nalimwonya. Nalimwambia kwamba uvivu ni adui wa kipaji, nikamrudisha uwanjani. Alikwenda, maana alikuwa mtoto mtiifu. Baada ya miezi ndipo tulipopata kujua kwamba kocha alikuwa akimbakiza peke yake wenzake waendapo zao, kwa kisingizio cha kumkanda mguu. Yaliyobaki sitayasema, aliyesikia ameelewa.

Nimelifikiri jambo lile mara nyingi. Hapakuwa na mzembe hata mmoja kati yetu. Mama yule alimjua kocha, akamkaribisha chakula nyumbani kwake. Mimi nalimsifu mbele ya mkutano wa wazazi. Kama angekuwa mgeni mwenye sura ya kutisha, tungalimchunga mtoto wetu. Kwa kuwa alikuwa mtu mwema machoni petu, hatukumchunga hata kidogo. Wazee walinena kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Wala si kwetu tu. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa zima la Tanzania juu ya ukatili kwa watoto, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla hawajatimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na kiasi cha mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba walitendewa ukatili wa kijinsia. Iangalieni hesabu ya wavulana, kwa maana wazazi wengi hudhani kwamba hatari hii ni ya mabinti peke yao. Katika kikosi cha wavulana 14, hesabu hiyo ni sawa na wawili.

Nchi tajiri nazo ziliingia katika shimo hilo hilo. Novemba 2016 mchezaji wa zamani wa Uingereza, Andy Woodward, alijitokeza hadharani akaeleza jinsi mwalimu wake wa mpira alivyomtenda alipokuwa mvulana. Wengine wengi wakafuata. Chama cha mpira cha nchi hiyo kikamwagiza mwanasheria Clive Sheldon kuichunguza miaka ya 1970 hadi 2005, na taarifa yake ilipotoka Machi 2021 ilihesabu watuhumiwa wasiopungua 240, na watu wasiopungua 692 waliodhulumiwa. Huko Marekani, tabibu wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, aliwadhulumu wasichana kwa miaka mingi akijifanya anawatibu, mara nyingine mzazi akiwa ndani ya chumba kile kile. Januari 2018 wanawake na wasichana zaidi ya 150 walitoa habari zao mahakamani. Nchi hizo zilikuwa na polisi, zilikuwa na mahakama, zilikuwa na vyumba vizuri vya michezo. Walilokosa ni moyo wa kumwuliza maswali mtu anayeheshimiwa.

Sasa tuangalie jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, ili tulitambue likingali changa. Mtu wa namna hii haanzi kwa ubaya. Huanza kwa wema. Humchagua mtoto mmoja, na mara nyingi ni yule asiye na baba karibu, au mwenye shida nyumbani, au mwenye kiu kubwa ya kusifiwa. Humpa nauli, humpa soda, humpa njumu. Humletea mamaye kilo ya sukari. Kisha humpa mtoto siri ndogo isiyo na madhara: “Usiwaambie wenzako kwamba nimekupa hiki.” Mtoto akiishika siri ndogo, amejaribiwa kwa siri kubwa. Halafu huja mguso wa mzaha, kisha mguso usio wa mzaha. Na mtoto anapotaka kukataa huambiwa ataachwa kwenye timu, au kwamba hakuna atakayemsadiki. Kufikia hapo mtoto amekwisha kujiona kwamba yeye mwenyewe ndiye mkosaji. Ndiyo sababu hanyanyui mdomo.

Ikiwa hivyo ndivyo, hatuwezi kumlinda mtoto kwa kutazama nyuso za watu na kusema, “Huyu ni mwema, huyu ni mbaya.” Macho yetu hayana uwezo huo. Twaweza kumlinda kwa kanuni zinazomfunga kila mtu mzima sawasawa, mwema na mbaya, mgeni na ndugu. Mwaka 2019 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Dunia, yaani FIFA, lilitoa mwongozo wa kuwalinda watoto kwa ajili ya vyama vyote vilivyo wanachama wake. Lakini klabu ya mtaani haina haja ya kungoja kitabu kitoke mbali. Kanuni zenyewe ni chache, na nyingi hazigharimu hata shilingi moja.

Kanuni ya kwanza, ambayo ni mama wa zote: mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Akitaka kumwonya, amwite kando, lakini mbele ya macho ya wenzake. Akitaka kumkanda mguu ulioteguka, amkande uwanjani, mtu mzima mwingine akiwapo. Chumba cha kubadilishia nguo ni cha watoto. Mkubwa husimama nje ya mlango.

Ya pili, zawadi hutolewa hadharani. Anayetaka kuwapa watoto njumu au nauli azikabidhi kwa klabu, na klabu izigawe mbele ya wazazi. Mtoto afunzwe tangu mapema kwamba hakuna siri kati yake na mkubwa ambayo mama hapaswi kuijua.

Ya tatu, simu. Habari za mazoezi zipelekwe kwa mzazi, au katika kundi la ujumbe ambalo wazazi wamo. Kocha hana haja ya kumwandikia mtoto usiku, wala kumwomba picha.

Ya nne, safari. Timu iendapo kucheza mbali, kwa mfano kutoka Mwananyamala kwenda Chamazi, wawepo watu wazima wawili au zaidi, na wasichana wawe na mwanamke pamoja nao. Majina yaandikwe, watoto wahesabiwe wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Wasirundikwe nyuma ya gari la mizigo, wala wasipakizwe watatu juu ya bodaboda moja. Mazoezi yaishe kabla ya saa kumi na mbili jioni, mtoto apate kufika kwao jua lingalipo. Timu ikilala kambini, watu wazima wasilale chumba kimoja na watoto.

Ya tano, kiboko na matusi si mafunzo. Mtoto anayezoea kupigwa na kutukanwa na kocha hujifunza kwamba mwili wake si wake, na kwamba mwenye filimbi aweza kumfanyia apendavyo. Huko ni kumwandalia njia yule mtu mbaya niliyemtaja.

Ya sita, wazazi wachague walezi wawili wa klabu, mwanamume na mwanamke, wasio jamaa za kocha, na kila mtoto awajue kwa majina. Hao ndio watakaosikiliza mashaka. Tena, kabla ya kumpokea kocha mpya, waulize alikotoka na sababu ya kuondoka huko. Na mjumbe wa mtaa na ofisi ya serikali ya mtaa wamjue.

Hapa niongeze neno juu ya wale wajao na ahadi za kuwapeleka watoto ng’ambo. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida haruhusiwi kuhamishwa kwenda kuchezea nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa waziwazi. Basi mtu akikuambia, “Nipe fedha na hati ya kuzaliwa ya mtoto, nami nitampeleka Ulaya mwezi ujao,” usimpe fedha, na mtoto usimpe kabisa.

Kuna na hatari za mwili, nazo zataka uangalifu uo huo. Joto la Dar es Salaam ni kali zaidi kuanzia Desemba hata Machi. Watoto wapewe maji kabla ya kucheza na katikati ya mchezo, wala wasinyimwe maji kuwa adhabu. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu; mtoto mwenye ugonjwa huo aweza kupatwa na maumivu makali akikosa maji au akichoka kupita kiasi. Kwa hiyo, siku ya kumwandikisha mtoto, mzazi aulizwe habari za selimundu, pumu, kifafa na moyo, na majibu yaandikwe pamoja na namba yake ya simu. Mtoto aliyegongwa kichwa akapata kizunguzungu, akatapika au akasahau mambo, atolewe nje na asirudi kucheza siku ile, hata ikiwa ni fainali. Apelekwe kwa mganga. Milingoti ya goli ichimbiwe imara na kukaguliwa. Wingu likianza kunguruma, mchezo usimamishwe, na watoto wasikimbilie chini ya mti.

Kama mtoto akikujia na neno zito, ufanye nini? Mshukuru kwa kukuambia. Msikilize hata amalize, wala usimhoji kama askari. Usimwambie, “Kwa nini ulikwenda?” Mwambie kwamba kosa si lake. Usimwahidi kwamba utalificha, maana hutaweza kuitimiza ahadi hiyo na kumwokoa pia. Ikiwa ametendewa ukatili wa mwili, usimwogeshe wala usizifue nguo zake. Mpeleke hospitali upesi. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayotangulia ni bora. Katika vituo vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto. Yuko afisa ustawi wa jamii. Tena iko namba ya simu ya watoto, 116, ambayo mtoto au mkubwa huipiga bila malipo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 husema kwamba mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, nayo humtaka kila mwanajamii aliye na habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuitoa habari hiyo kwa serikali za mitaa. Basi kunyamaza ni kuvunja wajibu. Najua desturi iliyopo. Wazee hukutana usiku, mkosaji hutoa fedha, familia hupokea, na mambo husemwa kuwa yamekwisha. Hayakwisha. Mkosaji huhamia mtaa mwingine na filimbi yake, na huko hukuta watoto wengine ambao wazazi wao hawajui kitu.

Wako watakaoniambia, “Mwalimu, kanuni hizi zitawavunja moyo makocha wema.” Nimewauliza baadhi yao, na mmoja alinijibu maneno ambayo sijayasahau. Alisema kwamba yeye hupenda mzazi aje kukaa pembeni ya uwanja, kwa kuwa siku atakaposingiziwa, mzazi yule ndiye atakayekuwa shahidi wake. Mtu mwema hapotezi kitu akionekana. Anayechukia kuonekana, huyo yatupasa kujiuliza sababu yake.

Wengine watasema, “Klabu yetu ni maskini, haina ofisi wala chumba.” Lakini macho ya jirani hayanunuliwi. Mama auzaye maandazi kando ya uwanja, fundi baiskeli chini ya mwembe, babu aliyestaafu na redio yake: hao wote ni walinzi, wakiambiwa tu cha kutazama. Wakiona mtoto mmoja anabakizwa kila siku wenzake wamekwisha kwenda, na waulize.

Mvulana yule niliyewasimulia sasa ni mtu mzima, anafanya kazi yake na kuilisha nyumba yake. Hakuurudia mpira tena. Siku moja alinitembelea, nami nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, “Mwalimu, nalingoja uniulize kwa nini nimeacha. Hukuniuliza, uliniambia tu nirudi.”

Wazazi wenzangu, mtoto wako akiacha jambo alilolipenda, usianze kwa kumwonya. Anza kwa kumwuliza, kisha ngoja jibu. Na kesho alasiri, kabla hujapika chakula cha jioni, au utokapo kazini, pita uwanjani. Msalimu kocha, kaa kidogo, tazama. Mtoto akijua kwamba unakuja atacheza kwa furaha zaidi, na kila mtu mzima aliyepo, awe nani, atajua kwamba mtoto huyu ana mwenyewe.